Mashuka 14 na usingizi uliokatika: kuigiza ugonjwa wako bila kuuamsha

"Habari mtaalamu. Nina miaka 34, mzaliwa wa Mombasa. Naishi Dublin mwaka wa 11 sasa na nimeshakuwa raia wa Ireland. Mimi ni kuchu, yaani mtu wa jamii ya LGBT, na ni msanii wa fani mchanganyiko: nadarizi, napiga video, naigiza. Nina bipola, ugonjwa wa akili wa hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi. Mwaka juzi nililazwa wiki 5, na humo wodini nikawa naandika vijineno kwenye karatasi. Nimevidarizi kwenye mashuka 14, na nataka kuyatundika jukwaani niigize wiki zile kwa dakika 50, mwezi wa nne ujao. Shida ni kwamba nikifanya mazoezi ya usiku silali mpaka alfajiri, mara nyingine siku mbili. Wenzangu wanasema lithiamu, dawa ninayotumia kwa bipola, inaua kipaji, niipunguze mpaka onyesho lipite, hasa kwa vile mkono unatetemeka nikishika sindano. Napokea Disability Allowance, posho ya serikali kwa wenye ulemavu, na naogopa ruzuku itanikatia. Mama yangu kule Mombasa hajui lolote, si la wodi wala la ukuchu. Je, kazi hii inaniponya au inaniumiza? Na nifanyeje ili watazamaji walio kama mimi wasitoke wameumia?"

Ndugu yangu,

Barua yako ina maswali mengi kuliko hayo mawili ya mwisho, na lile zito kuliko yote umelipitia kama jambo dogo: usingizi. Mashuka, ruzuku, hata Mama, vyote vinaweza kungoja wiki mbili. Usingizi haungoji, kwa hiyo nianze nao.

Kwa mtu mwenye bipola, kukosa usingizi ni dalili ya kupanda (ile hali ya msisimko uliopitiliza), na papo hapo ndicho kitu kinachosukuma huko kupanda. Mwili una saa yake, inayopangwa na mwanga, milo na nyakati za kukutana na watu. Kwa watu wengi saa hiyo ikivurugwa leo hurudi yenyewe kesho. Kwako inachelewa kurudi, na usiku mmoja wa kukesha unaweza kuzaa wa pili ambao hutahisi hata kuchoka. Hapo ndipo pa kuogopa: kukesha huku unajiona mzima, nguvu tele, mawazo yanatiririka. Sasa tazama zoezi la usiku linavyokufanya. Saa tatu usiku uko chini ya taa kali, moyo mbio, unatamka kwa sauti maneno uliyoyaandika ukiwa mgonjwa. Saa nne na nusu uko kwenye basi unakagua video za zoezi kwenye simu. Mwili haujui kwamba lile lilikuwa zoezi. Umepokea mwanga, umepokea msisimko, umeambiwa kuna hatari, nao umejiandaa kukesha.

Basi mazoezi yahamie mchana, saa nne asubuhi hadi saa saba, halafu ufunge. Igizo zima kuanzia mwanzo hadi mwisho lisifanywe siku mbili mfululizo. Kwa kazi ya dakika 50 ya mtu mmoja, kuipita kikamilifu mara nne au tano kabla ya siku ya kwanza kunatosha. Siku nyingine pita juu juu: simama unapotakiwa kusimama, taja mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila tukio, fundi wa taa apate ishara zake, lakini usiingie ndani ya tukio. Waimbaji wa opera hufanya hivyo kulinda koo. Wewe unalinda usingizi.

Na kutoka kuwe na utaratibu, uleule kila siku. Vazi la wodini livulie ukumbini, lisiende nyumbani. Nawa uso na mikono kwa maji baridi. Kunja shuka la mwisho kwa mikono yako, taja jina lako na tarehe ya leo kwa sauti, kula chakula cha kweli, kisha tembea dakika 20 nje kungali mwanga. Itaonekana kama mchezo wa watoto, ila ubongo unahitaji alama ya wazi kwamba mgonjwa wa jukwaani kabaki jukwaani, na alama hiyo hupata nguvu kwa kurudiwa bila kubadilika. Siku unayoiruka kwa sababu umechelewa basi ndiyo siku utakayokesha.

Onyesho lenyewe pia liwe saa tisa alasiri, au jioni saa kumi na mbili. Msimamizi wa ukumbi atakuambia watu huja saa mbili usiku. Mwambie kwamba watazamaji unaowalenga wengi wanatumia dawa zinazoleta usingizi jioni, wengine wanategemea msaidizi mwenye zamu, wengine wanahitaji basi la kurudi ambalo bado lina nafasi ya kiti cha magurudumu.

Sasa swali lako: tiba au jeraha? Ninavyoona, umechanganya kazi mbili ambazo zinavutana. Tiba ya tukio la kutisha hukuomba ulisimulie kwa kipimo, mbele ya mtu anayejua kukusimamisha, na lengo ni kwamba kila ukilisimulia lipoe kidogo. Jukwaa linataka kinyume chake: watu wamelipia tiketi ya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na siku zote tatu lazima liwe la moto. Ndiyo maana msanii anaweza kusimulia wodi yake mara 30 na bado ikaamka kila mara kama mpya. Kila usiku anaipasha moto yeye mwenyewe. Tiba yako iwe mahali pengine, na daktari wako au na mtaalamu wa tiba kwa sanaa; kwa Ireland tafuta aliye mwanachama wa IACAT, chama cha wataalamu wa tiba za sanaa. Jukwaani uwe fundi.

Utajuaje kama tukio fulani limeshakuwa la fundi? Jaribu kulikata. Liondoe, libadilishe nafasi, mpe mtu mwingine alisome. Ukisema "hapana, lazima libaki kwa sababu ndivyo ilivyokuwa", basi wewe si mtunzi wake bado, ungali mgonjwa wake. Tukio la namna hiyo lisiigizwe mwezi wa nne. Lirekodi kwa sauti mara moja, mchana, ukiwa na mtu karibu, na jukwaani sauti hiyo ichezwe wakati wewe umekaa kimya unakunja shuka. Mara nyingi huwa na uzito zaidi kuliko ukilia mbele za watu. Kipimo cha pili ni saa: baada ya zoezi, hali yako ya kawaida irudi ndani ya saa mbili, na usiku huo ulale kama unavyolala siku nyingine. Andika saa za kulala na kuamka kwenye daftari. Bipola hudanganya kumbukumbu, karatasi haidanganyiki.

Kuhusu lithiamu, wenzako wameshika nusu ya ukweli, nayo ndiyo nusu inayoua. Mwaka 1979 Mogens Schou, daktari wa Denmark aliyetumia maisha yake kuichunguza dawa hii, aliwauliza wasanii 24 waliokuwa wakiitumia: 12 walisema wanazalisha zaidi kuliko awali, 6 hawakuona tofauti, 6 walisema wamepungua. Ni kundi dogo, lakini linatosha kuondoa ule usemi kwamba dawa "inaua" kipaji. Hao 6 wa mwisho nao sitawadharau; inawezekana wewe ni mmojawapo. Ila dawa ya hilo ni kupima damu na kuzungumzia dozi. Kuipunguza kimyakimya ni jambo lingine kabisa, kwa sababu ikiachwa ghafla hatari ya kupanda, na ya kujidhuru, hupanda juu kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza dawa. Madaktari wanapoiondoa kwa makusudi hushusha kidogo kidogo kwa angalau wiki 4, na bora miezi 3. Ukiicheza wewe mwenyewe wiki chache kabla ya onyesho, unaipanga homa iangukie siku ya ufunguzi.

Kipimo cha damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na kwa wengi kiwango kinachotakiwa ni kati ya 0.6 na 0.8 mmol kwa lita. Ukikuta chako kiko juu ya hapo, huenda mtetemo una maelezo rahisi. Hata kama kiko sawa, mwambie daktari kazi yako ni sindano. Pengine atabadilisha saa ya dozi au aina ya kidonge, na kuna dawa nyingine ndogo ya kutuliza mtetemo ambayo yeye ndiye ataamua kama inakufaa. Kahawa huongeza mtetemo, lakini usiiache siku moja: kafeini huisaidia figo kutoa lithiamu, na ukiikata ghafla kiwango kwenye damu hupanda. Punguza kikombe kimoja kwa wiki. Na jukwaani uko chini ya taa, unatoka jasho, huenda na vazi zito. Ukipungukiwa maji na chumvi, kiwango hupanda vilevile. Chupa ya maji iwe sehemu ya mapambo ya jukwaa, unywe mbele ya watu. Kichwa kikiuma usimeze ibuprofeni, kwani huzuia lithiamu kutoka. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwako. Mtetemo mwembamba wa vidole ni kero. Mtetemo mkubwa wa mkono mzima, ukiambatana na kuhara, kutapika, kuyumba au ulimi mzito, ni sumu: usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mkono wenyewe, badilisha ufundi. Fremu ya kudarizia ifungwe mezani kwa kibanio ili mikono yote miwili iwe huru, viwiko vikae juu ya meza, sindano iwe nene yenye tundu kubwa, na uache mshono mwembamba wa kujaza uende kwenye mshono wa mnyororo kwa uzi mzito. Dosari ya milimita mbili huonekana kwenye mshono mwembamba. Kwenye mnyororo humezwa. Na nadhani, kwa mtu aliyekulia Mombasa akisoma majina ya leso, unajua tayari kwamba maneno ya kitambaani hayahitaji mwandiko wa kupendeza. Yanahitaji kusomeka kutoka upande wa pili wa ua.

Kabla sijafika kwa watazamaji, fikiria umbo la kazi. Unasema dakika 50 za kuigiza. Njia nyingine ni kuyatundika mashuka kama maonyesho, watu wapite kati yake na sauti ikicheza, wewe usiwepo kabisa. Ya tatu ni filamu. Kuigiza kuna nguvu kuliko zote, na kunautegemea mwili wako saa ileile ya siku ileile. Ukiugua, kazi imekufa. Maonyesho hayahitaji uwepo, ila hupoteza pumzi yako. Filamu inakulinda jukwaani, lakini ikishatoka hutaweza kuidhibiti tena, na kwa hali ya Mama hilo si dogo. Mimi ningechagua maonyesho ya saa kadhaa kwa siku, na ndani yake wewe uigize dakika 20 mara moja, alasiri. Hata ukibaki na zile 50, mkataba na ukumbi utaje matoleo matatu: kamili, laini (matukio mawili magumu yako kwenye sauti), na lisilo na mwigizaji, mashuka na sauti tu. Mkubaliane na fundi wa taa neno moja ambalo ukilitamka anawasha taa za ukumbi na kucheza sauti ya mwisho bila kuuliza. Uamuzi wa toleo lipi la leo ufanywe saa nne asubuhi, kwa kuangalia daftari la usingizi. Saa ya onyesho utasema uko sawa hata kama hauko.

Watazamaji wa Dublin hawaingii mikono mitupu, na hili msanii aliyekuja ukubwani huwa halioni haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jamhuri ya Ireland, nchi ya watu wasiofika milioni 3, ilikuwa na watu zaidi ya 20,000 ndani ya hospitali za wagonjwa wa akili, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Wengi waliingizwa na jamaa zao na hawakutoka. Ule mtaa wa Grangegorman ambako leo wanafunzi wa sanaa wa chuo kikuu cha TU Dublin hubeba mafaili yao ilikuwa hospitali ya vichaa tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na hospitali ya zamani ilihamishwa majengo mapya 2013 tu. Kule kwetu mtu hutaniwa kwa kuitwa mtoro wa Port Reitz au Mathari. Dublin, tusi lilikuwa Grangegorman. Ukitundika mashuka ya wodi mbele ya watu 80, baadhi yao watamwona shangazi wa mama yao ambaye jina lake halikutajwa mezani. Watalia kwa sababu ambazo hukuziandika. Usibebe hilo kama kosa lako, lakini lipangie nafasi.

Chumba cha utulivu ndiyo nafasi hiyo: karibu na mlango, taa hafifu, viti viwili vitatu, maji, na mtu mmoja aliyeelekezwa kukaa tu asimsemeshe aliyeingia mpaka asemeshwe. Ndani ya ukumbi, taa za watazamaji zibaki zimewaka robo, milango isifungwe, na mtu aruhusiwe kutoka na kurudi. Wiki moja kabla, watumie waliokata tiketi ukurasa wenye picha za mlango, viti, choo na hicho chumba, na orodha ya nini kitatokea na dakika ya ngapi kuna sauti kubwa. Taa za kumetameta ziondoe kabisa. Mashuka yasomwe na aliyeketi pia: mstari muhimu ukae kati ya sentimita 110 na 140 kutoka sakafuni.

Wasioona nao wamepata bahati kwenye kazi yako kuliko kazi nyingi. Wafungulie dakika 30 kabla, wayapapase mashuka kwa vidole huku mtu akiwasomea. Mshono wa mnyororo unahisika. Kwa viziwi, kumbuka lugha ya ishara ya Ireland si ile ya Uingereza, na ina sheria yake ya mwaka 2017. Onyesho lililojaa maneno kwa dakika 50 linataka wakalimani wawili wapokezane, wapewe maandishi na video wiki tatu kabla. Maneno yako ya Kiswahili yafafanulie kwa maana. Mkalimani akifika kwenye "mja hana hiari" bila maelezo atatafsiri upepo.

Maonyo ya maudhui yaweke, lakini usiyategemee. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa miaka ya karibuni umeonyesha hayapunguzi maumivu ya mtazamaji, na humwongezea wasiwasi kidogo kabla ya kuanza. Faida yake ni moja, nayo inatosha: yanampa mtu habari ya kuamua. Kwa hiyo yaandike kavu, mahali pa kukatia tiketi: "Onyesho linazungumzia kulazwa hospitali ya akili na mawazo ya kujiua. Hakuna damu wala kelele za ghafla." Usiyapambe.

Hujaniambia kama kuna shuka linalotaja kutaka kufa. Kwa wiki 5 za wodi, huenda lipo. Likiwepo, usitaje njia, kiasi, mahali, wala usionyeshe barua ya kuaga. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya haya kwa ajili ya filamu na jukwaa mwaka 2019. Sababu yake ni kwamba aliye karibu na ukingo huokota maelezo ya namna ya kutenda kuliko anavyookota hisia. Upande wa pili wa sarafu hausemwi vya kutosha: watafiti wa Vienna mwaka 2010 waliona kwamba habari za mtu aliyefika ukingoni akapata njia ya kubaki hai zilienda pamoja na vifo kupungua. Kwa hiyo shuka la kubaki, lile la chai ya muuguzi au la kuhesabu matofali mpaka kukakucha, lipe nafasi kubwa kuliko la kuondoka. Na likupe moyo kujua kwamba Ireland iliondoa adhabu ya jinai kwa jaribio la kujiua na kwa mapenzi ya wanaume wawili mwaka uleule, 1993, kwa sheria mbili zilizopishana wiki chache. Kuchu mwenye bipola angeweza kuwa mhalifu mara mbili. Ukitaka shuka la 15, hilo hapo.

Hilo linanipeleka kwenye dhana moja ambayo hukuisema wazi lakini inanukia kwenye barua: kwamba ukuchu na ugonjwa ni kitu kimoja. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuondoa ukuchu kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani 1990. Bipola yako ina mizizi mikubwa ya kurithi. Kinachounganisha viwili hivi ni mzigo wa kujificha: kupima kila neno kwenye simu na nyumbani, kukaa chonjo, kutarajia kukataliwa. Mzigo huo hula usingizi, na usingizi, tumeshaona, ndio mlango. Onyesho lisiwafanye watazamaji waondoke wakidhani mmoja ni mzazi wa mwingine.

Ndiyo maana Mama ni suala la kiafya pia. Kipande cha sekunde 40 kutoka kwenye simu ya mtazamaji kinafika Mombasa kabla hujavua vazi. Kenya bado ina kifungu cha 162, kinachoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019, kwa hiyo fikiria pia safari zako za likizo. Tumia jina la jukwaani, tangazo lisiwe na uso, ukumbi upige marufuku kurekodi na mtu atangaze hilo mwanzoni. Video kamili isipakiwe popote. Kisha chagua lipi Mama alisikie kutoka kinywani mwako kabla ya mwezi wa nne. La wodi na la ukuchu si lazima vifike siku moja. Kwa wengi la wodi ndilo linalowezekana kwanza.

Fedha nipite haraka. Kwenye Disability Allowance, €165 za kwanza unazopata kwa kazi kila wiki haziguswi, na kati ya €165 na €375 huhesabiwa nusu. Ukipata €265, ziada ni €100, inayohesabiwa ni €50, na posho hupungua takriban kiasi hicho. Wanachokosea wasanii ni kuwasilisha ruzuku kama fungu moja lililoingia kwenye akaunti yao. Tenganisha bajeti: ujira wako, na gharama za kazi (nguo, wakalimani, ukumbi) kwenye mistari yake, na ikiwezekana ukumbi ndio upokee na kulipa hizo gharama. Kabla ya kusaini chochote, iandikie Idara ya Ulinzi wa Jamii ueleze kiasi, tarehe na matumizi, na subiri jibu la maandishi. Ofisi ya Citizens Information itakusaidia kuiandika bure. Ruzuku ya kuanzia ni Arts and Disability Connect, ya Arts & Disability Ireland kwa fedha za Arts Council, baraza la sanaa la Ireland; wana fungu la kazi mpya na pia la kulipia mshauri, na gharama za ufikivu wako mwenyewe, yaani za kukuwezesha kufanya kazi ukiwa na hali yako, huombwa kando. Teksi ya kurudi nyumbani baada ya zoezi ni gharama ya ufikivu. Iandike bila haya. Tamasha la First Fortnight la kila Januari linahusu hasa sanaa na afya ya akili. Liko mbele ya mwezi wa nne, na hata kuonyesha mashuka matatu tu huko ni jaribio zuri.

Andika pia maagizo ya awali ya matibabu, Advance Healthcare Directive, ambayo sheria ya uwezo wa kuamua iliyaanzisha rasmi tarehe 26 Aprili 2023. Unasaini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao asiwe wa familia, na unamtaja mtu wa kukusemea. Wengi hudhani ndugu wa karibu ana mamlaka hayo kisheria, Ireland hana. Asiyemtaja mtu wake huachia nafasi ijazwe na atakayejibu simu. Maagizo hayo yana mipaka kwa aliyelazwa bila ridhaa, lakini hata hapo madaktari huyasoma.

Ni lini uache kusoma majibu kama haya ukamwone mtu? Wewe, wiki hii. Usiku mbili bila kulala kwa mwenye historia yako ni sababu ya kumpigia simu daktari au timu yako ya afya ya akili kabla ya zoezi lijalo. Baada ya hapo weka kanuni na rafiki mmoja aishiye Dublin: usiku mmoja wa kulala chini ya saa 5, kesho hakuna zoezi, usiku mbili, yeye ndiye anapiga simu kliniki, na umemruhusu mapema kwa maandishi. Aangalie pia matumizi ya pesa, kusema haraka, na mipango mipya ya kazi inayozaliwa saa nane usiku. Mawazo ya kufa yakija, Samaritans ni 116 123 saa zote, ujumbe mfupi kwenda 50808, na laini ya LGBT Ireland ni 1800 929 539. Ukiona uko karibu kutenda, 112 au 999, au idara ya dharura iliyo karibu.

Limebaki la kitambaa. Ukumbi utadai cheti kwamba mashuka yaliyotundikwa hayashiki moto upesi, na pamba tupu hushika. Dawa ya kunyunyizia ipo, lakini huweza kukakamaza nguo, kuacha madoa meupe na kufanya rangi ya uzi ichuje. Jaribu kwanza kwenye kipande chenye nyuzi zako zote, kiache siku mbili, na baada ya kunyunyiza usifue tena, kwani nyingi huondoka na maji. Shuka moja la kitanda kikubwa hukaribia gramu 700, kwa hiyo 14 ni kama kilo 10 kabla ya vyuma. Mwambie fundi wa ukumbi mapema. Na ikiwa lolote kati yao lina muhuri wa hospitali pembeni, lirudishe, ununue jingine, udarizi upya.